Mukono Uliacha Usukani

Masisi, gerezani
Tarehe 9 mwezi wa kumi, 2021

Mpendwa dada Epiphanie,

Salamu nyingi kutoka kwa mudogo wako Théogène. Uko muzima huko Kisangani? Kifua cha shemeji kimepona? Na mapacha, wameanza kutembea? Huku baridi iko kali, lakini mwili wangu hauna shida. Moyo njo unaniuma.

Najua umenipigia mara nyingi bila jibu. Telefone yangu iko kwa polisi, wameishika kama ushahidi. Pasta Symphorien, mwenye kutuombea hapa gerezani, anashuka Goma kesho, njo atakutumia hii barua.

Dada, unakumbuka ile siku tulikuwa tunaongea juu ya ubatizo wa mapacha, sauti ikakatika? Nilikuwa naendesha kamiyo ya patron, tajiri wangu wa kazi, nateremka Lushebere na mizigo ya maharagi. Sikukuambia kama niko njiani. Nilishika simu kwa mukono mumoja, nacheka na wewe. Pale kwenye kona, mama mumoja alikuwa anatoka shambani na kitunga cha viazi kichwani. Aliitwa Mama Uwamwezi. Nilipomuona, kamiyo ilikuwa imeisha kumufikia.

Niliruka chini, nikapiga magoti karibu yake. Alikuwa anapumua bado. Alikata roho njiani, mbele tufike hospitali.

Kesho yake patron alinifuata polisi, akaniambia polepole: «Sema freni zilikufa. Leo leo nitakutoa.»

Sitakudanganya, dada, nilitaka kusema vile. Lakini zile freni za kusimamisha kamiyo, Papa Édouard, fundi wetu, alikuwa amezitengeneza ile wiki. Ningesema freni, yeye njo angefungwa. Nikamwambia OPJ, ule afisa wa polisi mwenye kuandika maneno yangu: «Freni zilikuwa nzima. Nilikuwa naongea kwa simu.» Akaacha kuandika, akaniangalia, akauliza kama najua nasema nini. Nikasaini.

Tribinali imenipa miezi kumi na minane, kwa kuua bila kukusudia. Patron naye atajibu, maana kamiyo ni yake na haikuwa na assurance, ile bima. Juge, mwenye kusoma hukumu, aliniambia: «Hukutaka kuua, lakini hakuna muntu alikulazimisha kupokea simu.» Sikukata rufaa.

Jumapili iliyopita Papa Jean de Dieu, bwana wa marehemu, alikuja kuniona. Hakunitukana. Aliuliza tu: «Muke wangu alisema nini?»

Nilimwambia ukweli. Muke wake alisema niokote viazi, ni vya watoto.

«Na uliokota?»

«Ndiyo, papa. Vyote. Kisha hospitali nilirudi pale kona, nikavipeleka kwako mbele nijitoe kwa polisi.»

Akafunika uso na kofia yake. Kisha akaenda bila kuniaga.

Dada, nakujua, utaanza kujilaumu. Acha. Wewe ulinipigia kwa mapendo. Mukono wenye uliacha usukani ni wangu. Ila nakuomba: ukimupigia muntu, ukasikia sauti ya motere, kata. Umwambie na shemeji, juu ya ile pikipiki yake.

Mama analia, lakini kila Jumamosi ananiletea bugali. Unisalimie shemeji, shangazi Françoise na mapacha. Uwabusu wote wawili.

Ukipiga magoti kuomba, usiombe nitoke mbele ya wakati. Uwaombee wale watoto wane wa Mama Uwamwezi.

Mungu alinde mulango wako.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukupenda siku zote,

Théogène