Mtafsiri wa Filamu za Kutisha Si Kaka Frank

Jumapili, saa kumi alasiri, Missouri City, pembeni ya Houston. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Joto limekaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga.

Mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu yeyote hili, hata padre kwenye kitubio: ile sauti nzito ya kiume inayotafsiri filamu za kutisha, ambayo kwa wiki mbili sasa inazunguka kwenye simu za Watanzania wa Houston, ni yangu.

Mimi, Eliza, miaka kumi na sita. Yule ambaye kwenye kila shughuli anakimbilia kuosha vyombo ili asiulizwe maswali.

Ilianza mwaka jana, tukienda Dallas kwa shangazi. Pembeni ya barabara kuu niliona ukuta mkubwa mweupe umesimama peke yake kwenye majani, hauna nyumba mbele wala nyuma. Baba hakujua ni nini. Nilipofika kwa shangazi nikatafuta, kumbe ni skrini. Zamani watu wa huku walikuwa wanaegesha magari uwanjani, familia nzima, wanatundika spika dirishani na kuangalia sinema bila kushuka. Wenye viwanja walitaka filamu mpya kila mara, kwa hiyo watu walizitengeneza haraka haraka, kwa vifaa vya kuungaunga. Zimwi ni mtu aliyevaa mpira, na zipu inaonekana mgongoni. Wanakuambia ni usiku, lakini vivuli viko chini ya miguu kama saa sita mchana. Damu ni rangi ya kupaka kucha.

Mama ni nesi. Siku moja nikiangalia mojawapo, alipita nyuma yangu na kapu la nguo, akaangalia kidogo.

"Huyo koromeo limekatwa," akasema, "sasa hizo kelele anapigia wapi?"

Akaendelea na nguo zake.

Nilizipenda hapo hapo. Sisemi ni filamu safi. Nyingi ziliuzwa kwa kuwadhalilisha watu, hasa wanawake, ambao kazi yao ni kujikwaa na kulia, na kuna ambazo nimezizima kabla hazijafika nusu. Lakini waliozitengeneza hawakuwa na kitu na hawakumwomba mtu ruhusa. Mimi naomba ruhusa hata ya kukohoa.

Halafu kuna Baba. Tukiwa safarini hupenda kusimulia vibanda umiza vya Morogoro, enzi za ujana wake. Chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja, na mtafsiri ameshika maikrofoni anaongea juu ya filamu ya Kichina asiyoelewa hata neno. Anawapa wahusika majina ya mtaani. Anawagombanisha kuhusu mambo ambayo hata hayamo. Baba anasema watu walikuwa wanamfuata mtafsiri, filamu ilikuwa kisingizio tu. Anaiga ile sauti mpaka Mama anamwambia aangalie barabara.

Kwa hiyo nikaanza. Nikitoka shule, kabla Baba na Mama hawajarudi kutoka kazini, naingia kwenye kabati la nguo na simu, nachukua filamu ambazo siku hizi hazina mwenyewe, nateremsha sauti mpaka kifuani, naongea, kisha naziweka mtandaoni bila jina.

Sijui nieleze vipi ilivyokuwa. Nilisoma Morogoro mpaka darasa la nne, kisha nikaja hapa. Shuleni Kiingereza changu kikitoka, watu wanageuza shingo. Kwenye shughuli Kiswahili changu kikitoka, mama wakubwa wanacheka, wanasema kinakatika kama redio iliyoisha betri. Lugha mbili, na zote nilizinyamazia. Kumbe nikisema kwa sauti ya mtu mwingine, kwenye kabati, maneno hayakatiki.

Sasa nifike kwenye kosa, au hicho kinachoitwa kosa.

Kuna filamu moja, watafiti wa kizungu wanaingia msituni Afrika kutafuta ua linalokula watu. Hiyo Afrika yenyewe naona ni bustani ya mtu. Wenyeji wamepakwa rangi ya kahawia, mmoja kasahau kuvua saa ya mkononi. Katika filamu nzima hawana hata sentensi moja. Wananguruma. Chifu ananguruma kuliko wote.

Niliirudia mara tatu, nikakasirika kila mara.

Nikawapa maneno. Vijana wa chifu wanalalamika kwamba wageni wamekanyaga vitunguu. Na chifu mwenyewe anasimama, ananyoosha mkono, anasema, "Ndugu zangu wageni, karibuni. Mimi sina mengi." Kisha anaongea. Ua linamla mtafiti wa kwanza, chifu bado yuko kwenye utangulizi. Linamla wa pili, chifu anaomba utulivu, tumebakiza mengineyo.

Hakuna Mtanzania wa Houston asiyemjua anayesema "mimi sina mengi" kisha akachukua dakika arobaini. Ni Mwenyekiti wa jumuiya yetu.

Watu wakajua mtafsiri yuko hapa hapa mjini. Na kwa kuwa sauti ni ya kiume, wote wakamgeukia Kaka Frank, kijana anayesherehesha harusi zetu na kuiga kila mtu.

Jana ulikuwa mkutano wa jumuiya, mji jirani wa Sugar Land, kwa Mama Joyce. Mwenyekiti akasimama. "Ndugu zangu, mimi..." Vijana wa nyuma wakacheka. Akatafuta namna nyingine ya kuanza, hakuipata, akakaa. Sijawahi kumwona akikaa mapema.

"Frank mwanangu, sema tu ukweli, yaishe," Mama Joyce akasema.

"Mama, ingekuwa mimi, ningeandika jina langu na namba ya simu, watu waniite kwenye sherehe zao. Mimi nifiche sauti? Hii ndiyo inanilisha."

Watu wakacheka. Lakini hawakumwamini.

Baba ndiye katibu. Akavua miwani, akasema, "Aliyefanya hivi hakulelewa. Angekuwa mtoto wangu, nisingeweza kusimama hapa." Kisha akaandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba Frank hatasherehesha sendofu ya Neema Jumamosi ijayo.

Neema ni dada yake Frank. Mdogo wake wa tumbo moja, anaagwa kwao kabla ya harusi.

Nilikuwa mlangoni pa jiko na sahani mikononi. Nikarudi kuosha vyombo.

Kinachonichoma ni kwamba Jumanne nilimkuta Baba huyo huyo gereji, peke yake, simu sikioni, anamsikiliza chifu wangu. Alicheka mpaka akashika boneti ya gari. Akairudisha mwanzo, akacheka tena.

Leo kanisani sikusikia hata neno la mahubiri. Nilikuwa napanga nifute kila kitu. Nikifuta, hakuna atakayejua, na mwakani watasahau. Frank atasamehewa kwa kosa ambalo si lake, na mimi nitaendelea kuosha vyombo.

Hapana.

Nusu saa iliyopita nimetuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la jumuiya. Nilianza kwa sauti ya chifu ili waamini, kisha nikaiacha ipande mpaka ikawa yangu, inakatika vile vile. Nimesema hivi:

"Mwenyekiti, shikamoo. Ni Eliza, binti wa Katibu. Kaka Frank hahusiki, naye ndiye ninayemwomba msamaha, yeye na Neema. Wewe nakuomba radhi kwa jana, watoto walipokucheka, kwa sababu sikutaka hilo. Lakini sikukuweka mle kukudhihaki. Wale watu walinyimwa hata sentensi moja. Nilitafuta mtu mzima wa kwetu ambaye akisimama kuongea, hata mzungu mwenye bunduki anakaa asubiri amalize. Nilimjua mmoja tu. Sitaifuta. Na zitakazofuata nitatafsiri kwa sauti yangu."

Dakika moja na sekunde kadhaa. Ndiyo mara ya kwanza nimeongea mbele ya watu mia na zaidi.

Simu inatikisika mezani, sijaigeuza. Sijui Mwenyekiti atasema nini. Sijui kama Baba ataweza kusimama tena mbele yao, na kama hataweza, nitalibeba hilo. Ila Jumamosi Kaka Frank atashika maikrofoni kwenye sendofu ya dada yake.

Chini, mpira kwenye televisheni ulikuwa unapiga kelele. Umezimwa ghafla.

Sasa kuna ndala kwenye ngazi. Ni Baba, Mama hapandi taratibu hivyo. Kwa kawaida hapa ndipo ninapoleta kazi ya kemia mbele kwenye kompyuta na kuficha ukurasa huu ninaouandika nyuma yake. Kidole kimeshakwenda chenyewe. Nimekirudisha.

Nimekuza maandishi. Yanasomeka hata kutoka mlangoni.