Nimempa Nesi Jina la Marehemu

Mpendwa Tiya Pacing,

Naomba msaada, na kabla hujasoma mbali naomba usinicheke, maana nimefanya jambo la kipuuzi kwa umri wangu na sina wa kumwambia ila wewe, shangazi wa wasomaji gazetini, ambaye hunijui. Mimi ni mjane hapa Jaro, mume wangu Anselmo alikuwa baharia, alifariki akaniachia nyumba na akiba ya kunitosha, kwa hiyo sikuandikii kuomba fedha. Watoto ni wawili, Rommel yuko melini kama baba yake na Jovelyn ni nesi Uingereza, huko anashika mikono ya mama za watu, na mimi huku nabaki na feni na redio.

Tangu Kwaresima nimekuwa nikihema. Zamani nilikuwa napanda zile ngazi za kanisa kuu hadi kwenye sanamu ya Bikira, Mama wa Mishumaa, bila kushika ukuta, siku hizi nikifika katikati macho yanaingia giza, nakaa chini na kujifanya nasali. Nilipokwenda kwa daktari wa moyo akaniambia vali moja imekakamaa na kubana, damu inapita kwa taabu, dawa haiwezi kuifungua, lazima iwekwe mpya, na nikiiacha hivi sitafika mbali. Nikamwambia kifua changu hakipasuliwi, nimewaona waliopasuliwa, wanakohoa wamekumbatia mto huku machozi yanawatoka. Akatabasamu, ni kijana mpole, akaniita mama, akasema, "Nanay, nani kasema tunakupasua? Tunatoboa tundu dogo hapa kwenye kinena, tunapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka moyoni. Vali mpya inakwenda imekunjwa, ikifika inafunguka ndani ya ile mbovu. Si kila mtu anafaa, lakini vipimo vyako vinaruhusu. Ukiendelea vizuri, siku chache tu uko kwako." Tiya, nilitamani angesema kifua, maana kifua ningekikataa nikaenda zangu nyumbani kwa heshima, lakini tundu dogo nalikataaje?

Basi nikatoka nikaenda kwa nesi kupangiwa siku, naye akauliza, "Na bantay wako ni nani, Nanay?" Unajua kwetu halazwi mtu bila bantay, ndugu wa kulala chini ya kitanda, wa kukimbia duka la dawa, wa kuita dripu ikiisha. "Una watoto?" "Ninao." "Wako wapi?" Kwenye benchi kila mgonjwa alikuwa na wake, bibi mmoja alikuwa na wajukuu wanagombania kumshikia mkoba, na wote wakawa wananitazama mimi. Nikasema, "Mume wangu. Anselmo." Nesi akafurahi, "Ay, una bahati, Tatay wako bado yupo!" Tangu hapo ananipigia simu, ananiuliza Tatay ana nguvu za kukesha, Tatay naye anakunywa dawa gani, nami najibu, Tiya, nasema hajambo, nasema amejipumzisha kidogo. Juzi baada ya kukata simu nilijikuta nimemwekea sahani mezani.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba bantay wa mtaa wetu ni mimi. Mkeka wangu wenye ukingo wa kijani na chupa yangu ya chai yenye picha ya jogoo, ile ninayoiziba kwa kitambaa kwa sababu kifuniko kilipotelea wodini, vimelala chini ya vitanda vya nusu ya watu wa hapa. Loida wa jirani, mumewe alipopasuliwa kifua, nilimlinda mimi wodini hadi alipotoka, kwa sababu Loida akiona damu anaanguka. (Tafadhali hayo ya mkeka na chupa uyaondoe ukiichapa barua hii, maana watanijua mara moja.) Wamezoea kuniomba, na mimi nimezoea kuombwa, kuomba sijui kunaanzaje. Wiki hii Loida alisimama mlangoni kwangu akasema, "Manang, dada yangu, mbona umepauka hivyo? Umekula wewe?"

"Uzee huo, Loida. Nenda, wali wako unaungua."

"Wali wangu hauungui. Nakuuliza wewe."

"Basi ukikaa hapa utaungua."

Akaondoka anacheka, nami nikafunga mlango nikauegemea mpaka pumzi iliporudi. Ana mjukuu mchanga wa kulea, nitamwambiaje aje kulala sakafuni?

Jovelyn hunipigia Jumapili kwa simu ya kuonana, mimi hupaka rangi ya mdomo na kukaa karibu na dirisha ili nionekane nina damu. "Mama, unahema?" "Nimetoka kufagia." Ni nesi, Tiya, na ananiamini.

Siku ya kulazwa ni mwezi ujao na nimekuwa nikifikiria kumwambia yule nesi nimeghairi, iishe. Au wewe unitafutie kati ya wasomaji wako mwanamke yeyote nisiyemjua awe bantay wangu, sitamsumbua, chakula nitabeba, hata kukoroma sikoromi. Nisaidie, upweke huu sikuuzoea.

Asiye na bantay, Jaro

*

Manang wa Jaro,

Sikukucheka. Nilipofika kwenye sahani ya Anselmo niliweka barua chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Na mimi ni mjane, najua meza ya mtu mmoja ilivyo pana. Pole sana. Hiyo ndiyo pole yako, sasa nakugombeza.

Una ugonjwa unaoua, una tiba yake, una daktari mpole na akiba ya kumlipa, na unataka kufa kwa sababu ya aibu ya kwenye benchi! Wangapi wananiandikia hawana hata kimoja cha hivyo? Vali iliyobana haikungoji uwe tayari. Tundu ni dogo, sawa, lakini moyo ni ule ule, na usiku wa kwanza lazima awepo mtu wa kukuambia usikunje mguu, mtu atakayeona shuka limelowa damu kabla wewe hujahisi. Anselmo, Mungu amrehemu, hataliona.

Kwa hiyo hughairi. Mpigie yule nesi umwambie mume wako amefariki na wewe ulimdanganya. Hatakumeza, amesikia makubwa kuliko hayo. Jumapili Jovelyn akipiga simu, futa hiyo rangi ya mdomo, toka dirishani, mtajie ugonjwa kwa jina lake. Atalia, kisha atakufokea, na ni haki yake. Huwezi kumsomesha mtoto unesi halafu ukamnyima mgonjwa aliye wake mwenyewe. Hata kama hawezi kupanda ndege, atajua maswali ya kumuuliza daktari, na wewe hutakuwa peke yako na siri.

Mgeni sikutafutii. Ningempata kabla ya chakula cha mchana, wanawake wema hawajaisha. Lakini nimekuelewa, Manang. Unataka mgeni ili watu wa mtaani kwako wasikuone umelala chali, umevaa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Mbona wao umewaona wote hivyo? Mume wa Loida bila shaka umemfuta matapishi, na kila sikukuu ya fiesta unakula naye meza moja, na sidhani umewahi kumwona duni hata siku moja. Nani kakuambia roho ya Loida ni ndogo kuliko yako? Mjukuu ana mama yake. Damu, atafumba macho. Bantay alikuja mlangoni kwako kwa miguu yake, akakuuliza kwa mdomo wake, nawe ukamrudisha kwenye wali.

Ningekuambia nenda kagonge kwake leo hii, lakini nimekusoma vya kutosha, huendi. Utachana nywele, utafika kwenye geti lake, utamuuliza hali ya mtoto na kurudi.

Jina lako nimelificha, na majina ya watu wako nimeyabadilisha, kama ninavyowaahidi wote wanaoniandikia. Mkeka wa ukingo wa kijani na chupa ya jogoo sikuviondoa. Gazeti hili hufika Jaro kabla ya misa ya asubuhi, na wanawake wa huko, wameniambia wenyewe, huanza na ukurasa wangu kabla ya habari za mauaji. Nikasirikie, lakini ukishapona.

Wakigonga, fungua.

Tiya Pacing