Kuhusu Breki ya Patron Zéphirin na Mikono ya Djamali

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa Kindu, komini ya Kasuku, tarehe 9 Juni 2023, mbele ya ofisa mpelelezi.

Jina: Anaclet Assumani
Umri: miaka 54, kwa hesabu ya marehemu mama
Kazi: fundi wa magari
Makazi: Kasuku, nyuma ya garaji yangu, mke wangu husema ni ndani yake

Mnamo tarehe 8 Juni, yapata saa tatu asubuhi, nilikuwa garajini kwangu, kwenye barabara iendayo Kibombo, nikila muhogo. Ofisa ameniuliza kama huko ndiko kuwa kazini. Nimemjibu atazame tumbo hili, nimelifanyia kazi miaka mingi.

Ilifika jipu ya Patron Zéphirin, mfanyabiashara wa hapa mjini, ikijikokota, gurudumu la mbele kushoto likifuka moshi. Nyuma mlikuwa na mbuzi wa mahari. Siku hiyo wakwe wapya walikuwa wanamsubiri Kibombo, anaoa mke wa pili. Aliyeendesha ni Djamali, shofeli wake, ambaye pia ni shemeji yake: ni mdogo wake Safia, mke wa kwanza. Walikuwapo pia walinzi wawili wa Patron.

Nilimtania Patron kama kawaida yangu. Nilisema, "Ee, Patron, hata gari inamuogopa bibi mukubwa!" Walinzi walicheka. Djamali naye alicheka. Patron hakucheka.

Ofisa ameniuliza kwa nini nilisema vile. Mimi humwambia hivyo kila anayeoa mke wa pili.

Nilipiga jeki, nikavua gurudumu. Diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki, haikuzunguka hata kwa mikono miwili. Niliitemea mate, yakalia chwaa na kukauka palepale. Breki ya mkono sikuihangaikia, maana hiyo hushika magurudumu ya nyuma. Nililegeza nati ya bomba juu, kabla ya mpira unaopeleka mafuta kwenye breki ya gurudumu. Diski ilibaki imeshikwa. Kisha nikalegeza nati ya chini, ile ya kutolea upepo. Mafuta yaliruka hadi kwenye shati langu, na diski ikaachia, ikazunguka.

Basi ugonjwa ulikuwa katikati ya nati hizo mbili, yaani ndani ya mpira. Ulikuwa umevimba kwa ndani. Mguu ukikanyaga, mafuta yanapita kwa nguvu. Mguu ukitoka, hayarudi. Naujua ugonjwa huo tangu vita, Kindu ilipofungwa na mafuta ya breki yakakosekana, tukawa tunamimina mawese. Mipira yote ilivimba. Mwaka ule nilisimamisha jipu nyingi za wanajeshi kuliko adui.

Nilimwambia Patron, "Ni mupira tu. Umezeeka. Niko na mwingine hapa, dakika chache unaenda kwa bibi yako."

Patron alimwangalia Djamali. Alisema, "Dada yako njo alikutuma," yaani Safia ndiye aliyemtuma aiharibu gari.

Djamali alijibu, "Hapana, shemeji. Tangu juzi nilikuambia gari inavuta kushoto. Ulisema tutaangalia kisha ndoa."

Mimi nikasema, "Patron, kosa ni ya mupira."

Alinijibu, "Mupira haina dada."

Kisha akasema kwamba kwa wazee wake chuma cha moto hakimchomi mwenye haki. Akainyooshea kidole diski. Djamali alidhani ni mzaha, akanitazama mimi, maana mzaha hapo ni wangu. Walinzi wakamshika.

Nilikuwa na beseni la maji ya kuoshea vyuma. Nililiinua ili niimwagie diski ipoe. Mlinzi mmoja alinisukuma, nikakaa kitako ndani ya mafuta machafu. Watu barabarani walicheka. Hata mimi ningecheka.

Walimbana viganja vyote viwili kwenye diski. Aliita, "Shemeji! Shemeji!" Halafu akamwita Safia. Patron alitazama saa yake hadi aliposema, "Acha." Sehemu ya ngozi ilibaki kwenye chuma.

Patron aliitazama mikono, akasema, "Imemuchoma. Muliona wote." Hakuwa na hasira tena. Alimtuma mlinzi mmoja amlete Djamali hapa kituoni, kwa kosa la kuharibu gari.

Mimi nilifunga mpira mpya. Kabla ya hapo niliisugua diski. Ofisa ameuliza kwa nini niliendelea na kazi: mlinzi wa pili alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipomaliza, Patron alinipa mkono, akasema mimi ni fundi mzuri. Akaendesha mwenyewe. Gari haikuvuta tena upande wowote.

Mpira wa zamani nimekuja nao. Nimeupasua kwa urefu. Aliye na macho ataona tundu lilivyoziba. Ninaomba Djamali apelekwe hospitali leo, kesi itamngoja.

Nimesomewa niliyoyasema na ndivyo nilivyoyasema, isipokuwa utani wangu, ambao nilitaka ufutwe na ofisa amekataa.

Sahihi ya shahidi: A. Assumani

MAANDISHI YA OFISA: Shahidi amesikilizwa. Kipande cha mpira hakikupokelewa, kwa kuwa mlalamikaji, Patron Zéphirin, hakukiwasilisha. Utani wa shahidi kuhusu mke wa kwanza umepigiwa mstari, kwa kuwa unathibitisha shaka ya mlalamikaji. Mshtakiwa Djamali aliletewa maelezo yake mwenyewe ayatie sahihi. Hakushika kalamu, wala hakutia kidole. Imeandikwa kwamba amekataa kutia sahihi.