Ng'ombe Wasiokwenda Malishoni

Korogwe,
14 Agosti, 2005

Kwa kaka yangu Koikai,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wifi Nalangu na watoto, na kwamba ile homa ya ndama uliyonieleza imeshapita. Mama mpe shikamoo zangu nyingi. Mwambie samli aliyonitumia imefika, ingawa konda aliiweka karibu na injini ikafika imekuwa maji. Mimi sijambo kabisa. Nimeanza hata kunenepa, kwa sababu machungwa ya huku msimu huu hayana mwenyewe.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu ipo, kaka, lakini inalala ndani ya shuka la baba, na haya ninayotaka kukueleza hayafai kupitia humo. Tafadhali isome ukiwa malishoni, peke yako.

Bado nipo kwa Bi Mwanaisha, kwenye duka lake la video za harusi pale karibu na stendi. Yeye husema tangu masharti ya biashara yalegezwe kila mwenye kamera amekuwa mpiga picha, ndiyo maana akanunua kompyuta ili awaache nyuma. Virusi vikamharibia kazi zake mara mbili. Akamwita fundi Ponsiano kutoka Tanga, naye akaifuta yote, akaweka Linux, mfumo usioshikwa na virusi kirahisi, kisha mimi nikapelekwa kwake nijifunze kuitunza. Mwenzangu wa kamera ni Tumaini, Msambaa wa Kwashemshi, kijana mcheshi asiyejua kunyamaza. Ananiita daktari wa mifugo, na kila kompyuta ikigoma ananiuliza kama tuipeleke josho.

Sasa, unakumbuka harusi ya Josefina, binti wa baba mdogo, hapo Mkata. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea ujumbe wa baba kwamba hatafika, amekwenda Kwedizinga kuangalia dume la kununua. Na ulinieleza aliyoyasema kabla ya kuondoka: kwamba hawezi kukaa na wazee wenzake akitazama binti yake amepanda juu ya meza na suruali, mashine begani, na kwamba mashine hizo humeza vitu vya watu, iko siku zitaniaibisha mbele ya ukoo mzima. Mbele yako nilicheka. Lakini iliniuma sana, kaka. Nikaapa moyoni kwamba filamu ya Josefina itakuwa nzuri kuliko zote, mpaka sifa zake zimfikie huko huko aliko.

Basi nikaanza kuiunganisha, na diski ikajaa. Nikueleze kidogo. Diski yetu Ponsiano aliigawa sehemu mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ghala la harusi zilizopigwa. Sehemu ya kazi ilikuwa imefurika, lakini ghalani kulikuwa na nafasi kubwa tupu. Uzuri wa mpango wake ni kwamba mpaka hauna ukuta, unasogezwa. Unapunguza huku, unaongeza kule. Harusi ya Josefina, yote niliyopiga mimi na yote aliyopiga Tumaini, ilikuwa ghalani, na haikuwepo mahali pengine popote duniani, kwa sababu Bi Mwanaisha haruhusu kanda zipumzike. Za Josefina zilishapigiwa harusi nyingine juu yake.

Ponsiano alinifundisha kwamba hapo kuna vitu viwili, si kimoja. Kuna mpaka wenyewe, na kuna mpangilio wa mafaili yanayokaa ndani ya mpaka. Mimi nikasema hilo ni jepesi, ni uzio na ng'ombe. Nikafikiri kwa akili ya nyumbani. Sisi tukitaka kupunguza boma tunafanyaje? Tunasogeza miiba mchana, ng'ombe wakiwa malishoni, na jioni wakirudi wanajibana wenyewe ndani. Basi nikaanza na uzio. Kompyuta ilinionya kwamba naweza kupoteza vitu, ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo, upesi, kwa kujiamini kabisa.

Nilipotaka kulifungua ghala, likakataa. Nikajaribu tena, likakataa. Likasema sehemu hii ni ndogo kuliko vilivyomo. Nilichoona mbele yangu si kompyuta tena, ni uso wa baba akipewa habari kwamba mashine imemeza harusi ya mtoto wa mdogo wake. Tumaini akasogea akasema si kuna amri ya kukarabati, tuipige basi. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Sijui ni nini kilinizuia. Nilimwambia tutoe mikono yetu kwanza, tumpigie Ponsiano.

Ponsiano aliniuliza jambo moja tu, kama nimegusa kitu kingine chochote baada ya hapo. Nilipomwambia hapana, alishusha pumzi mpaka nikaisikia kutoka Tanga. Kisha akacheka, akanitaka nimweleze nilikuwa nafikiri nini. Nikamweleza habari ya boma. Akasema sawa binti Kuntai, lakini ng'ombe wa humu hawaendi malishoni. Wako ndani mchana na usiku, kila mmoja amesimama pale alipowekwa. Ukivuta uzio kabla ya kuwasogeza, wengine umewafungia nje.

Lakini akanituliza. Alisema kusogeza uzio hakuui ng'ombe. Walioko nje bado wamesimama palepale, mradi hakuna aliyeingia kulala kwenye nafasi yao. Ile amri ya kukarabati ndiyo ingewamaliza, maana ingewaona walioko nje kama si wetu na kuwafuta. Akasema mfumo wenyewe hukumbuka mpaka wa zamani ulipita wapi, akanisomea cha kuandika ili niurudishe mahali pake palepale. Nikaandika herufi moja moja, nikamsomea tena kabla ya kubonyeza. Tumaini alikuwa amefumba macho anasali, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Ghala likafunguka. Bi Mwanaisha, aliyekuwa ameshika kichwa mlangoni, alipiga kigelegele mpaka watu wa stendi wakaja kuuliza nani anaolewa.

Hapo nikagoma. Nilimwambia Bi Mwanaisha sigusi tena mpaka tupate diski nyingine ya kuwekea nakala ya kila kitu. Alinung'unika sana, kisha akaenda mwenyewe kuiazima kwa shemeji yake. Nakala ilipokamilika, nikafanya inavyotakiwa. Kwanza nikalifunga ghala ili lisitumike, nikalikagua kama lina ugonjwa. Kisha nikawasogeza ng'ombe, nikawabana kupita kiasi kidogo ili uzio usimguse hata mmoja, ndipo nikavuta uzio, na mwisho nikawaachia wajinyooshe mpaka kwenye mpaka mpya. Kule kwenye kazi, ambako tunaongeza, ni kinyume chake, uzio hutangulia na ng'ombe hufuata. Ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kuimba.

Tumaini akahesabu mafaili, akasema idadi ni ileile, tukale. Lakini kaka, mimi na wewe tumelelewa wapi? Lini baba alihesabu ng'ombe wake? Anasimama mlangoni anamtazama kila mmoja usoni anavyoingia. Kwa hiyo sikuridhika. Nikakaa nikaitazama harusi yote ya Josefina, mpaka vipande ambavyo hatukuwa na mpango wa kuvitumia, alivyopiga Tumaini huko jikoni.

Sasa ndiyo nafika kwenye lililonifanya niandike. Katika kipande kimoja kuna wapishi, kuna moshi, na nyuma ya moshi, penye uzio wa minyaa, amesimama mzee na fimbo yake, shuka amejifunika mpaka puani. Nilimtambua kwa namna anavyoegemea mguu mmoja. Ni baba, kaka. Hakwenda Kwedizinga. Alikuwa Mkata, nyuma ya jiko, anachungulia uwanjani. Mzee mmoja anamuuliza kwa Kimaasai yule mwanamke aliyepanda meza na suruali ni wa nani. Nikajua sasa nitasikia nisiyotaka kuyasikia. Nikataka kuzima. Baba akasema ni wa kwake. Akasema huyo tangu mdogo akilitazama zizi anajua nani hayupo, na hakupata mtoto mwingine mwenye macho kama hayo. Kisha akamwomba yule mzee asimwambie mtu kwamba amemwona hapo.

Nililia, kaka. Tumaini alidhani faili limeharibika.

Sikukiweka kipande hicho kwenye filamu ya Josefina. Ni siri ya baba, si yangu ya kuwaonyesha watu. Lakini nafasi kidogo iliyobaki kwenye diski nimeitengea mpaka wake, nikakiweka humo, na hakikai kitu kingine.

Jumamosi nitakuja Mkata kuwapelekea maharusi filamu yao, kisha nitapanda mpaka nyumbani. Usimwambie baba kwamba nimemwona. Mwambie tu nakuja, na akisema ana safari ya kuangalia dume, tafadhali mshike. Miaka mitatu sasa nikifika hapo yeye hugeuza uso nisije nikamwamkia. Safari hii nitamwinamishia kichwa, kama tulivyomwamkia tangu utotoni, na kungoja, hata kama ni mpaka jua lizame, nione kama ataniwekea mkono kichwani.

Nisalimie wifi, wape watoto machungwa niliyomkabidhi konda, na mama mwambie naja na kitenge chake. Bi Mwanaisha na Tumaini wanawasalimu wote hata kabla hawajawaona. Mungu awalinde nyote, na mifugo pia.

Ni mimi mdogo wako,
Nasinkoi Kuntai