Kiti cha ndege hakiozi kama samaki

Kindu, siku ya ine, kisha mvua.

Salamu kwako Salima, kama bado uko na nguvu ya kufungua simu, na salamu kwa wote wanaopita hapa kusoma mambo yangu. Hapa nyumbani baba yako iko, mugongo unamusumbua lakini anakula. Bibi Feza, mama yake, iko. Aliuliza habari zako asubuhi, na saa sita akauliza tena. Ramazani mudogo wako iko ku masomo. Shangazi Mauwa iko, na sauti yake unaijua, inafika mpaka ngambo ya muto Lualaba. Hata mbuzi iko. Mimi pia niko, lakini nimechoka, machoko ya ndani, ile isiyoisha na kulala.

Tangu mwezi uanze ninapita ku ajansi ya ndege kule mutaa wa Kasuku kama muntu anayeenda kutazama mugonjwa. Leo bei iko namna gani? Imepanda. Kesho yake imepanda tena. Kisha ikashuka, nikafurahi kama mutoto, na asubuhi yake ikaruka kupita pale ilipokuwa. Ndege njo ile ile. Kiti njo kile kile. Kinshasa nayo haijasogea.

Wakati ya vita chumvi ilikuwa inatufikia na ndege, na bei ilipanda juu ya bunduki. Tulijua sababu. Sasa inapanda juu ya nini?

Kwa wale wasiojua: Salima ni mutoto wangu wa kwanza, iko Kinshasa kwa bwana wake, na tumbo yake ya kwanza imetimiza miezi. Ninataka nifike mapema, mbele azae, nimukande na maji ya moto, nimufunge tumbo. Mama mukwe wake iko pale, ni muntu muzuri, sina neno juu yake. Lakini Salima aliniambia ku simu: “Mama, mbele yake nitaona haya kulia.”

Hilo neno limenikaa ku roho.

Kwa sababu yeye mwenyewe nilimuzaa porini, upande wa Kibombo, tulipokimbia muji. Wenye bunduki walikuwa karibu, na wanawake waliniambia nisitoe sauti. Niliuma kitenge mpaka kikatoboka. Siku ile nilisema: huyu mutoto akifika kuzaa, atalia vile anataka, na mimi nitakuwa pale.

Na njia ingine haiko. Kushuka na mutumbwi mpaka Ubundu, pale maji inaporomoka, kisha barabara mpaka Kisangani, kisha boti mpaka Kinshasa? Nitafika mujukuu ameota meno.

Sasa niseme ukweli wangu. Siku ile bei ilishuka, feza ilikuwa mukononi, ya kwenda na ya kurudi. Yule binti wa ajansi aliniambia, “Mama, chukua leo.” Nikamujibu, “Punguza kidogo tena, mimi ni muntu wako.” Akacheka. “Mama, bei si yangu, inatoka ku mashini.” Nikasema basi, hata mashini itachoka. Nikarudi nyumbani.

Mimi ninauza samaki mbichi. Miaka yote hii soko imenifundisha jambo moja: asubuhi samaki ni ya wenye feza, jioni ni ya wenye akili. Jua likiegemea, inzi zikikusanyika, muuzaji mwenyewe anakuita, “Mama, kuja, tutasikilizana.” Nikawaza kiti cha ndege ni hivyo. Ndege ikiruka na kiti kitupu, si kimeoza? Basi wangoje, siku ikikaribia wataniita wenyewe.

Hawakuniita.

Siku inavyokaribia, bei inazidi kupanda. Huko kwao anayengoja njo anayelipa. Sikujua. Kama walijua ku soko, hakuna aliyeniambia.

Tangu jana simu ya Salima haipiti. Ya bwana wake pia. Leo niliwaza mambo yote mabaya mama anaweza kuwaza, nikamuachia Mauwa samaki, nikapanda piki chini ya mvua. Bei ilikuwa kubwa kupita zote nilizosikia. Feza ya kwenda na kurudi imekuwa ya kwenda tu. Nililipa. Yule binti hakucheka. Alisema polepole, “Pole, mama,” na hiyo njo ilitaka kuniliza.

Nilipofika nyumbani, Baba Salima akauliza, “Na kurudi?”

“Nitarudi bei ikishuka.”

“Basi utazeekea kule. Mimi nitaoa.”

Bibi Feza, ambaye tulizani amelala, akamwambia, “Nani atakutaka na huo mugongo?”

Tulicheka sote. Kisha niliingia ndani kufunga muchele na mawese, na kule sikucheka tena. Namna gani nitarudi, sijui. Ramazani atapikiwa na nani, sijui. Ninajua tu kama ndege inaruka kesho kutwa, siku ya posho, njo ya sita, na mimi nitakuwa ndani, Mungu akipenda.

Salima, mama, ukiona hii ujibu mbio. Usiandike mingi, usijichokeshe. Uniandikie neno moja tu, nilale: bado.