Vyuma vya Chumba cha Nyuma

3 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima na cherehani zako zinazunguka. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, kifua kilichokuwa kinamsumbua kimetulia. Baba yupo na nyonga yake ileile: siku za baridi anatembelea fimbo, siku za jua anajifanya hana habari nayo.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Nilikuwa na miaka tisa ulipohama, na sasa imepita kumi na tisa mingine. Ukipiga simu ni "hamjambo, hatujambo," kisha imekatika. Nimeona niandike, maana karatasi huwezi kuikata katikati.

Mimi niko kiwanda cha mikate, upande wa kukanda. Magunia ya unga ya kilo hamsini nayabeba mwenyewe, kwa kuwa nilichoka kungoja wanaume wamalize chai. Mwaka jana kulikuwa na mashindano ya watu wenye nguvu uwanja wa mpira, na wanawake wakaitwa. Wenzangu waliniandikisha kwa utani. Nikawa wa tatu, Mjomba, bila kufanya zoezi hata siku moja. Mwaka huu yatafanyika mwishoni mwa Julai, nami nataka nijiandae kama mtu mwenye akili.

Mama amenipa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea makorokoro. Upana wake ni hatua tano, urefu saba. Nimeandika orodha ya vitu vya kununua: gogo la chuma la kuinua juu ya kichwa, mawe matano ya mviringo, nira ya kubeba mabegani, vyuma viwili vya kushika mikononi na kutembea navyo, tairi la lori, na mfuko wa mchanga. Mama anasema ulipokuwa ghalani na Baba walikuita Winchi, na hakuna mzigo uliokushinda. Basi naomba uniambie nianze na kipi na niache kipi.

Mpwa wako,
Kifimbo (mwili umebadilika, jina ni lile)


17 Februari

Kwako mpwa wangu Kifimbo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Mimi mzima, ila macho yameanza kunigomea nikitunga uzi. Kazi ni ileile, maturubai ya malori na vitambaa vya viti. Mpe mama yako pole ya kifua.

Orodha yako ni ya mtu anayefungua kiwanda. Anza kwa kuingia hicho chumba, simama katikati, unyooshe mikono juu. Kama vidole vinagusa dari, sahau gogo. Utatoboa bati, na babako atakuwa na la kusema mpaka mvua ziishe.

Mawe acha. Jiwe ni zuri, ila halina huruma na mgongo mchanga, na likianguka kwenye saruji nyembamba umepata shimo. Nira nayo inataka watu wawili wa kukuangalia ukiyumba. Ukiwa peke yako chumbani nani atakuangalia? Tairi litakula nafasi yote, ulale nje wewe.

Anza na mfuko wa mchanga. Ukikuponyoka hauvunji sakafu wala kidole. Halafu mchanga unatembea ndani, kila ukiinua ni mzigo mwingine, kwa hiyo utajifunza kuukumbatia badala ya kuuvuta kwa mgongo. Usinunue wa dukani. Nitakushonea mimi kwa turubai la lori, mshono mara mbili. Wewe chekecha mchanga, uanike ukauke kabisa, uutie kwenye vifuko vidogo ndani ya ule mkubwa. Ukitaka uwe mwepesi, toa kifuko kimoja weka cha maranda ya mbao.

Cha pili ni vile vyuma viwili vya kushika. Agiza kwa fundi wa kuchomelea, bomba liwe la unene ambao ukilishika, kidole gumba kinafunika ukucha wa kidole cha kati. Mwambie achomelee kuzunguka pande zote. Akikupigia nukta nukta, mrudishie palepale, usione haya.

Hivyo viwili vinatosha miezi mitatu. Tembea navyo uani, usikimbie.

Sasa nisikilize. Usije ukabeba mzigo wa boriti, wa watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Hata kwa mchezo. Mzigo wako ubebe peke yako. Na babako usimwambie kwamba tunaandikiana.

Mjomba wako


2 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima, na natumai na wewe hivyohivyo. Umeshanunua miwani?

Mfuko ulifika. Posta walinipa huku wananitazama kama nimeagiza hema. Nimeujaza kilo arobaini, sasa niko hamsini na tano. Mara ya kwanza ulinishinda, Mjomba, mimi niliyedhani gunia ni gunia. La unga linakaa kimya begani. Mfuko wako ni kama kubeba mtoto asiyetaka kuoga. Vyuma navyo viko tayari. Fundi alinipigia nukta nne. Nikamrudishia. Akaniuliza nani kanifundisha kazi yake, nikamwambia nina watu.

Ila kuhusu Baba, siri imeingia nyufa. Sikumwambia kitu. Jioni moja alikuja mlangoni na kigoda chake, akakaa, akanitazama nikihangaika. Kisha akasema, "Lete huo mfuko."

Nikamburutia. Akapitisha vidole kwenye mshono, polepole, mpaka mwisho wa uzi.

"Nani kashona?"

"Fundi."

"Huyu fundi amewahi kubeba mzigo," akasema. Akanirudishia. "Miguu yako iko karibu mno. Ipanue."

Tangu siku hiyo anakuja kila jioni. Hasemi sana. Juzi nilikuwa nakwama magotini, naye akasema, "Mjomba wako alikuwa anavuta pumzi kabla ya kugusa mzigo, si baada." Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia akikutaja. Nikauliza, "Baba, kwa nini Mjomba alihama?" Akachukua kigoda akaingia ndani.

Mama nimemuuliza. Anasema mliumia siku moja kazini, wewe ukaondoka, na hakuna kati yenu aliyemweleza zaidi ya hapo. "Waulize wenyewe, mimi nimechoka kuuliza."

Basi nakuuliza wewe.

Mpwa wako,
Kifimbo


29 Aprili

Kwako Kifimbo,

Marahaba mama. Mimi mzima wa mwili. Miwani nimenunua.

Barua yako imekaa mezani wiki tatu. Nimeshona turubai la lori zima huku naitazama. Sasa naandika, na ukimaliza kusoma uichome.

Mimi na babako tulikuwa tukibeba pamoja tangu kabla hajamuoa dada yangu. Mimi mbele, yeye nyuma. Tulikuwa tunajuana hata kwa pumzi. Siku ile tulikuwa tunaingiza injini ya lori karakana ya ghala, imening'inia kwa mnyororo katikati ya boriti, boriti mabegani mwetu. Mimi ndiye niliyesema tusingoje toroli. Nilipokuwa navuka kizingiti cha mlango nilikosea hatua. Mguu ulikosa, bega likayumba, mnyororo ukateleza kwenda nyuma, na injini ikamwangukia babako nyongani.

Niliisikia nyonga yake, Kifimbo. Nilikuwa nimempa mgongo lakini niliisikia.

Nilikwenda hospitali mara mbili. Mara zote mbili aligeuza uso ukutani. Sikumlaumu. Mtu alikuwa na mke na mtoto wa miaka tisa, na mimi kwa kujionyesha nimemfanya kilema. Nikaona nisiwe kitu cha kutazamwa kila siku mlangoni kwake. Nikaja huku, nikajifunza kazi ya kukaa kitako. Tangu hapo sijainua kitu kizito kuliko cherehani.

Ndiyo maana nilikukataza boriti. Sasa umejua. Usimsumbue babako kwa hili, ameshasumbuka vya kutosha.

Mjomba wako


9 Juni

Kwako Kifimbo,

Hamjambo? Wiki ya sita hii sijapata neno. Nimepiga simu mara mbili, mama yako anasema "wote wazima, atakuandikia mwenyewe," na safari hii yeye ndiye aliyekata.

Kama barua yangu imekuchukiza, niambie tu, nitaelewa. Kama umeumia mazoezini, niambie haraka zaidi. Usiongeze uzito wa mfuko mpaka nisikie kutoka kwako.

Mjomba wako


14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe. Sijaumia na sijachukia. Mama anasema kama usingekuwa mkubwa wake angekuja kukuchapa, lakini hilo nitakueleza kwa mpangilio.

Barua yako sikuichoma. Niliiweka kwenye mfuko wa sare yangu ya kazi, nikaenda nayo kiwandani na kurudi nayo wiki tano. Ulinikataza nisiseme, nami nilitaka kutii. Lakini kila jioni Baba anakaa kwenye kigoda kunielekeza, na kila akinielekeza anasema maneno yako. Jumapili iliyopita asubuhi nilishindwa. Nikamwambia, "Baba, aliyeshona mfuko ni Mjomba, na ameniandikia kuhusu injini." Nikadhani atainuka. Akasema, "Soma."

Nikasoma. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia pale pa mguu."

Nikarudia.

"Anasema aliteleza?"

"Anasema alikosea hatua."

"Hakukosea hatua yoyote," Baba akasema. "Mimi niliachia."

Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza chumvi. Alisema bega lilikuwa linamuuma tangu asubuhi ya siku ile. Hakukuambia, kwa sababu siku iliyotangulia mlikuwa mmecheka kwamba anazeeka. Mlipofika mlangoni mkono ukafa ganzi, akaachia boriti bila kutoa sauti. "Yeye alikuwa mbele, hakuniona. Uzito wote ukamrudia yeye kwa ghafla. Winchi gani asingeyumba?"

Nikamuuliza kwa nini basi aligeuza uso hospitalini. Akaniambia, "Ningemtazamaje? Nilimwachia mzigo mtu aliyeniamini. Angeweza kufa yeye. Halafu akahama, nikasema amejua, ameondoka kwa hasira, na ana haki. Miaka yote hii namngoja aje anitukane tumalizane."

Kisha akaanza kucheka, Mjomba. Alicheka mpaka akakohoa, machozi yanatiririka, na mimi sijui nimshike au nimwache. Mama akaja mbio kutoka uani, mikono ina povu, akauliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," Baba akasema. "Ndiyo habari yenyewe."

Tulipomweleza, Mama alikaa palepale juu ya mfuko wa mchanga. Akasema, "Wanaume wawili wazima, kila mmoja na mdomo wake." Akainuka akarudi kufua, na nilimsikia huko anaimba, kitu ambacho hafanyi akiwa amekasirika.

Siku mbili za kwanza Baba hakuzungumza na mtu. Siku ya tatu alinyoa ndevu, akaenda mwenyewe kwa fundi wa kuchomelea, bila fimbo na wala hakukuwa na jua, akamweleza habari yote tangu mwanzo. Sasa anamweleza kila anayesimama. Muuza magazeti ameshaisikia mara mbili.

Amenituma niandike hivi, neno kwa neno: "Shemeji, mimi niliachia. Ulikuwa mbele na ulikwenda sawa. Njoo. Usilete kitu."

Mpwa wako,
Kifimbo


23 Juni

Kwako mpwa wangu,

Marahaba, na mara elfu.

Nilipofika pale pa "mimi niliachia" nilizima cherehani. Kulikuwa na dereva anangoja turubai lake, nikamwambia aje kesho. Akauliza kuna msiba, nikamwambia hapana, kinyume chake, naye akaondoka amechanganyikiwa.

Sitakuficha, kwanza nilikasirika. Nilikasirika kama nusu saa hivi. Nilihesabu sherehe zenu zote ambazo sikuja, na siku mama yako alipolazwa nami nikatuma salamu kama mtu baki. Nikamtukana babako kwa sauti, peke yangu dukani, kama alivyokuwa anangoja. Mwambie amepata. Halafu nikajikuta nakumbuka mimi mwenyewe ndiye niliyemcheka kwamba anazeeka, na alikuwa na miaka thelathini na mitatu tu. Hasira ikaniishia mkononi.

Baada ya hapo nililala. Mchana, juu ya rundo la maturubai, usingizi wa mtoto mchanga. Jirani yangu fundi viatu alinitikisa akidhani nimezimia. Nilipoamka mabega yalikuwa yananiuma, kama mtu aliyeshusha kitu sasa hivi.

Kuhusu mazoezi: umebakiwa na mwezi. Fika kilo sabini, usizidi. Wiki ya mwisho punguza, tembea tu na vyuma, kula, ulale. Hiyo nira tutaitazama pamoja, maana watu wawili wa kukuangalia sasa wamepatikana, mmoja ana nyonga mbovu na mwingine haoni karibu.

Nimekata tiketi ya Alhamisi. Posta ya huku haina haraka, kwa hiyo huenda mimi nikafika kabla ya barua. Ikitokea hivyo, mpe babako aisome mwenyewe, nisiwepo, maana kuna sehemu nimemtukana.

Nilipomwambia fundi viatu nafunga duka kwa wiki mbili aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia, kwa shemeji yangu. Mimi na fundi huyo tumekaa bega kwa bega miaka kumi na minne. Akaweka nyundo chini. "Kumbe una shemeji?"

Nikamwambia ninaye.

Mjomba wako,
Winchi