Mfupa Ulioungana Kombo

Baba Pacha,

Watoto hawajambo, wameota meno ya mbele. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Mwezi jana nilisikia hodi kama yako, nikakimbia, nikateleza mlangoni. Kumbe msoma mita! Nikadhani kifundo cha mkono kimeteguka tu, nikakikanda kwa maji moto wiki tatu.

Daktari kanigombeza: “Mama, umevunjika, na mfupa umeshaungana kombo. Itabidi tuuvunje upya, tuunyooshe, ndipo tufunge plasta.”

Nimekubali. Fundi cherehani bila mkono wa kulia ataishije?

Barua yako ya kuomba kurudi nimeisoma. Moyo nao umeshaungana kombo. Huo sikubali uvunjwe tena.

Mama Pacha